RAV4 yangu inachemsha: nitengeneze au niuze?

Barua ya msomaji

Ndugu Mshauri,

Habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa sekondari. Ninaishi Kihonda, Morogoro, na ninafundisha upande wa Mikese, kwa hiyo kila siku ya kazi gari ndilo linalonipeleka na kunirudisha, pamoja na walimu wenzangu wawili tunaochangiana mafuta. Gari lenyewe ni Toyota RAV4 iliyotengenezwa mwaka 2003, injini ya lita mbili ya D-4 (ile inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda), gia za otomatiki, namba C. Nililinunua kwa mtu Dar es Salaam mwaka 2019 kwa shilingi 11,500,000, na kwa muda mrefu sikuwa na la kulalamikia.

Sasa linachemsha. Mwanzoni mshale wa joto ulikuwa unapanda nikikwama kwenye foleni ya Msamvu tu, lakini siku hizi unapanda hata barabara ikiwa wazi. Maji yanapungua kwenye rejeta bila kuonekana yanakovujia, na asubuhi nikiwasha, bomba la nyuma linatoa moshi mweupe kwa muda kabla ya kukata. Gereji ya kwanza ilibadilisha rejeta na kuitoa thamostati (kifaa kinachozuia maji ya kupozea mpaka injini ipate moto), ikisema kwamba kwa nchi ya joto kama yetu haina kazi; nikalipa 330,000 na hali ikabaki ileile. Fundi wa pili anasema gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi (sehemu ya juu ya injini) na bloku iliyo chini yake, imeungua na anataka 950,000 kwa kila kitu. Fundi wa tatu, ambaye pia anauza injini za mtumba, anasema hedi za D-4 hazitengenezeki, nimpe 2,900,000 aweke injini nyingine. Huyohuyo aliliendesha kidogo akaniambia kwamba giaboksi nayo inagonga ikiingia gia ya pili, jambo ambalo ni kweli, na kwamba ya mtumba itanigharimu 1,300,000. Bushi na shokapu za mbele zimechoka, na hizo ni 600,000.

Nikimsikiliza fundi wa tatu ninafika 4,800,000, wakati dalali amekuja nyumbani akanipa 4,500,000 kwa gari lilivyo. Likiwa zima, gari kama hili hapa mjini linauzwa kiasi cha 9,000,000. Shemeji yangu ananishauri niliuze, nikope 8,000,000 kwenye SACCOS yetu, kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka inayohesabiwa juu ya mkopo wote bila kupungua deni likipungua, nilipe kwa miaka mitatu, ninunue IST. Mume wangu anasema tumeshatia fedha nyingi kwenye gari hili na hatuwezi kulitupa. Nimechoka kuwa katikati yao. Je, gari hili linastahili gharama zake?

Mwalimu, Morogoro

Jibu

Mwalimu,

Kabla ya hesabu yoyote, naomba gari hilo lisitembee tena. Lisiende Mikese, lisiende sokoni, wala lisipelekwe kwa fundi mwingine kwa kuongezewa maji njiani. Likibidi kuhama, livutwe. Hedi ya injini hiyo na bloku yake vyote ni alumini, na kila mshale unapofika juu, hedi hupinda zaidi kidogo, hata kama mpindo wenyewe hauzidi unene wa unywele. Hedi iliyopinda kidogo huchongwa kwenye mashine ikarudi kuwa sawa, lakini iliyochemshwa mara nyingi huishia kupasuka, na hapo zile 950,000 za fundi wa pili zinakuwa malipo ya awali tu.

Tuje kwenye swali lako. Kuna kanuni inayotajwa sana kwamba matengenezo yakizidi nusu ya thamani ya gari, liuzwe. Mimi siifuati, kwa sababu imetoka kwenye nchi ambako gari kuukuu ni rahisi kulipata na fundi ni ghali, na kwetu mambo hayo mawili yamegeuzana. Hapa gari lililoagizwa likiwa limepita miaka kumi tangu kutengenezwa hutozwa ushuru wa bidhaa wa ziada wa asilimia 30 kwa sababu ya uzee peke yake, likiwa na miaka minane hadi kumi ni asilimia 15, na hayo yanakuja juu ya ushuru wa forodha wa asilimia 25, huku VAT ikihesabiwa baada ya yote hayo. IST za toleo la kwanza, ambazo nadhani ndizo anazozisema shemeji yako, ziliacha kutengenezwa mwaka 2007, kwa hiyo kila inayoingia leo inabeba ushuru huo wa uzee. Jirani zetu Kenya wamekata mzizi kwa kuzuia kabisa gari lililozidi miaka minane. Sisi tunaliruhusu, lakini tunalilipia. Matokeo yake ni kwamba hata gari lililoko nchini siku nyingi linashikilia bei, kwa sababu kulibadilisha ni ghali.

Kwa hiyo weka hesabu hivi: chukua bei ambayo gari lingeuzwa leo likiwa bovu, ongeza matengenezo yote yanayohitajika, kisha linganisha jumla hiyo na bei ya kununua gari la aina hiyohiyo likiwa zima. Kwako ni 4,500,000 za dalali dhidi ya 9,000,000 za sokoni, tofauti ikiwa 4,500,000. Ondoa milioni moja kwa ajili ya yale yanayojitokeza injini ikishafunguliwa na kwa ajili ya mnunuzi atakayekupunguzia bei siku ukiliuza. Kinachobaki, 3,500,000, ndicho kikomo chako. Chini ya hapo, tengeneza. Juu ya hapo, muite dalali. Hesabu ya fundi wa tatu imevuka kikomo, na kama yeye ndiye aliye sahihi, basi gari liuzwe bila majonzi. Lakini sidhani kwamba yuko sahihi, na fedha zako za kwanza zinapaswa kwenda kwenye kulithibitisha hilo, maana mpaka sasa umepewa bei tatu na hakuna hata mmoja aliyekupa kipimo.

Dalili ulizozieleza zinaelekeza kwenye gasketi ya hedi, nami ningeshangaa ikiwa kitu kingine. Kushangaa kwangu, hata hivyo, si kipimo. Kuna kifaa kidogo chenye maji ya bluu ambacho hushikizwa kwenye mdomo wa rejeta injini ikiwa inaunguruma: kama moshi wa ndani ya silinda unapenya kwenye maji ya kupozea, ile bluu hugeuka njano, na jambo hilo huonekana kwa dakika chache. Baada ya hapo ipimwe kompresheni (nguvu ya mgandamizo wa hewa) ya kila silinda, na namba zote nne ziandikwe kwenye karatasi utakayobaki nayo. Silinda mbili zilizo jirani zikiwa zimeshuka pamoja, gasketi imeungua katikati yake, na hiyo inatengenezeka. Zote nne zikiwa zimeshuka, na wewe mwenyewe ukikumbuka kwamba gari lilikuwa linakula oili na kutoa moshi wa bluu kabla ya kuanza kuchemsha, basi ringi za pistoni zimekwisha, na kufungua hedi peke yake ni kupoteza fedha. Vuta pia kijiti cha oili: ukiona oili imekuwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameshaingia huko, na kazi imepanda bei kwa sababu beringi za chini zitahitaji kuangaliwa.

Vipimo vikionyesha gasketi, fundi wa pili apewe kazi, kwa sharti moja ambalo ninakuomba ulishikilie hata akikuona msumbufu, nalo ni kwamba siku ya kufungua hedi uwepo, au umpeleke mtu unayemwamini. Injini za familia ya AZ, ambamo D-4 yako imo, hasa za miaka ya mwanzo, zina udhaifu unaojulikana na mafundi wengi duniani: bolti za hedi ni za chuma, zimeingia kwenye bloku ya alumini, na kwa joto la miaka mingi hesi za kwenye bloku, yaani meno ya ndani ya tundu yanayoishika bolti, hulika, hasa zile za upande wa nyuma wa injini, karibu na ukuta wa kabini. Bolti inapoacha kukaza, hedi huinuka kidogo, gasketi hupitisha, na maji hutoweka bila kuonekana yanakovujia, kama ulivyoeleza. Bolti hizo ni kumi. Kila moja ikitolewa, itazame kwenye mwanga. Ikitoka safi, yenye oili tu, shukuru. Ikitoka na vinyuzi vyeupe vya alumini vimejiviringisha kwenye meno yake, hesi ya tundu hilo imekufa, na hakuna gasketi mpya, hata ya bei gani, itakayodumu juu yake. Nadhani ndiyo sababu fundi wa tatu anasema hedi za D-4 hazitengenezeki: huenda amefunga kadhaa zikarudi, wala hakutazama matundu.

Matundu hayo yanatengenezeka. Hutobolewa upya kwa kipimo kikubwa zaidi, kisha huingizwa bushi za chuma zenye hesi ndani yake, na kazi ikifanywa vizuri huwa imara kuliko ilivyotoka kiwandani. Inahitaji mkereza vyuma anayejua kuliongoza toboo liende wima, kwa sababu tundu likienda upande bolti haitakaa. Hapo Kihonda mna chuo cha VETA. Waulize walimu wa karakana ni nani mjini anayeaminika kwa kazi hiyo. Mimi nimeiwekea 300,000 kwenye hesabu, na naomba yabadilishwe matundu yote kumi kwa mara moja, hata kama yaliyokufa ni matatu. Bolti ziwe mpya, zikazwe kwa spana yenye kipimo kwa hatua, na robo mzunguko ya mwisho ifuate maelekezo ya kiwanda. Fundi akikuambia kwamba mkono wake ni kipimo tosha, mshukuru na utafute mwingine.

Kabla injini haijafungwa, thamostati irudi mahali pake. Maelezo ya kwamba nchi ya joto haiihitaji yamezoeleka sana gereji, nami sijawahi kuyaelewa, kwa sababu kifaa hicho hufunguka kwenye nyuzi joto 82 hivi, na hakuna mchana wa Morogoro unaokaribia hapo. Bila hicho, injini huchelewa kupata moto, kompyuta hudhani bado ni baridi na kuongeza petroli, na wewe unailipia kila wiki. Uweke kulanti, yaani maji maalumu ya kupozea injini, usiweke maji ya bomba, kwa kuwa maji ya bomba hula alumini kutoka ndani.

Nina jambo la kukuuliza kuhusu giaboksi, na jibu lake linaweza kukuokolea 1,300,000: ilianza kugonga kabla au baada ya kubadilishwa rejeta? Kwenye gari lako, oili ya giaboksi hupita ndani ya tangi la chini la rejeta ili ipozwe, kisha hurudi. Anayebadilisha rejeta humwaga sehemu ya oili hiyo bila kutaka, na asipoirudishia kiasi kilekile, au akiongeza aina nyingine, gia huanza kugonga, hasa ikipata moto. Injini inayochemsha nayo hupandisha joto la giaboksi kwa njia hiyohiyo. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kijiti cha giaboksi. Oili iwe nyekundu na isinuke kuungua, kipimo kiwe sahihi injini ikiwa na moto, na aina iwe T-IV, ambayo ndiyo iliyokusudiwa kwa gari la mwaka huo. Ziangaliwe na mauntingi za injini, yaani vishikilio vyake, maana iliyokatika hugonga vilevile na bei yake ni ndogo. Kisha gari lisomwe kwa mashine. Kule Marekani Toyota iliongeza muda wa dhamana ya kompyuta ya injini kwa RAV4 za 2001 hadi 2003 zenye gia za otomatiki, kwa sababu kompyuta hiyo ilikuwa ikiharibika na kuifanya giaboksi ipige kwa nguvu. Magari ya kule yana injini inayotofautiana kidogo na yako, kwa hiyo sisemi kwamba ndilo tatizo lako, lakini ni sababu tosha ya kutonunua giaboksi ya mtumba kabla ya kuisoma kompyuta, maana kama kosa liko kwenye kompyuta, giaboksi mpya itagonga kama ya zamani. Oili ikinuka kuungua na ina masizi meusi, basi giaboksi imekwisha kweli, nawe uiweke kwenye hesabu.

Injini ya mtumba siipendekezi kwako. Itakuwa ya umri uleule, yenye hesi zilezile kwenye alumini ileile, ikiwa imetoka kwenye gari ambalo hujui lilikufa kwa nini, na dhamana yake mara nyingi huishia pale inapowaka mbele yako. Zaidi ya hayo, namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari, kwa hiyo ukiibadilisha unapaswa kwenda TRA kurekebisha taarifa. Wengi hawaendi, na siku ya kuuza linageuka kuwa tatizo.

Sasa zijumlishe: 950,000 za hedi, 300,000 za bushi za hesi, 100,000 za vipimo, 250,000 za oili ya giaboksi na kusoma kompyuta, na 600,000 za mbele, jumla 2,200,000. Hata ikibidi kununua giaboksi, unafika 3,500,000, kwenye ukingo wa kikomo lakini hujauvuka. Mkopo wa shemeji yako, kwa riba hiyo isiyopungua, utakurudishia deni la 10,880,000, yaani 302,000 na ushei kila mwezi kwa miezi 36. Riba peke yake ni 2,880,000, na hiyo inazidi matengenezo yote ya njia ya kwanza, kabla hujabadilisha hata tairi moja la IST ambayo historia yake utakuwa unaianza kuijua.

Shemeji yako ana hoja moja nzuri, na ni ya mafuta. Kwa safari zako, ambazo nimezikadiria kuwa kilomita 1,100 kwa mwezi, IST inaweza kukuokolea lita 35 hivi, na ukichukua lita kwa shilingi 3,000 hiyo ni kama 105,000. Ni fedha ya maana, ingawa nusu yake au zaidi wanaifaidi wenzako mnaochangiana, na bado haijakaribia rejesho la 302,000. Mume wako naye namheshimu, lakini hoja yake sikubaliani nayo hata kidogo, ijapokuwa tumefika upande mmoja. Milioni 11.5 za mwaka 2019 na 330,000 za rejeta zimeshaondoka, ziwe gari limetengenezwa au limeuzwa. Hazimo kwenye hesabu ya leo. Mwombe azisahau kabla hamjakaa kuamua, la sivyo giaboksi ikija kufa mwakani atasema tena kwamba mmeshatia fedha nyingi.

Kuna mambo yatakayonifanya niseme liuzwe hata bei ya matengenezo ikiwa ndani ya kikomo. Gari linyanyuliwe kwenye gereji, nawe uangalie chini kwa tochi: kutu ya juu juu si kitu, lakini bisibisi ikizama kwenye fremu au kwenye sehemu zinazoshikilia bushi, hakuna injini itakayoliokoa. Hali kadhalika kompresheni ikiwa imeshuka kwenye silinda zote, au bloku ikiwa imepasuka. Na kama kadi bado ina jina la aliyekuuzia mwaka 2019, lishughulikie hilo wiki hii, kwa sababu linakushushia bei kwa njia zote mbili.

Malipo usiyatoe kwa pamoja. Lipa vipimo kivyake, kwa fundi ambaye hutampa kazi kubwa ikiwezekana. Kisha gasketi, bolti na thamostati uzinunue mwenyewe kwa namba ya chesisi, na fedha ya ufundi itoke nusu hedi ikishatoka kwenye mashine, na nusu baada ya gari kwenda Dar es Salaam na kurudi bila kupunguza maji. Za mbele zisubiri mwezi unaofuata. Dalali mwambie asubiri mpaka bolti zitoke. Akisema kwamba bei yake ni ya wiki hii tu, mwache aende zake, maana gari likiwa limeegeshwa wiki mbili haliharibiki zaidi ya lilivyo, naye anajua hivyo.